KIDONGE HAKIOSHI USO



Kuna maneno yamezagaa kijijini, na ukuta huu hauwezi kuyanyamazia. Eti, "Vikope visitusumbue. Serikali italeta vidonge, tutameza, basi yamekwisha." Haya ni maneno ya uvivu. Watakaoyalipia ni watoto wetu, tena kwa macho yao.

Kwanza tuielewe dawa. Kijidudu cha vikope hujificha ndani ya ngozi laini ya ndani ya kope. Kina karakana zake za kutengeneza protini, na bila protini hakikui wala hakizaani. Mafuta ya macho ya tetrasaiklini na vidonge vya azithromaisini vina kazi moja: kuzisimamisha karakana hizo. Karakana za mwili wa mtu zimeundwa kwa namna nyingine, ndiyo maana dawa inamwumiza adui ikamwacha mwenye nyumba. Lakini kijidudu hakipigwi rungu kikafa papo hapo. Kinasimamishwa kazi, halafu nguvu za mwili ndizo zinakimaliza. Hiyo inataka muda. Kwa hiyo mafuta hupakwa mara mbili kwa siku, wiki sita. Azithromaisini humezwa mara moja kwa kuwa yenyewe hukaa mwilini siku nyingi.

Sasa sisi tunafanya nini? Tunapaka siku nne, tongotongo likikauka tyubu inachomekwa kwenye dari la tembe, eti akiba. Mwingine anaimalizia kwenye jicho la mbuzi. Huko ni kumfungulia adui karakana kabla hajafa!

Haya, tuseme umemaliza dozi yote. Dawa hiyo haimlindi mtoto na nzi wa mwezi ujao. Nzi anatoka kwenye uso mchafu wa mtoto huyu anatua kwa yule. Ncha moja ya kanga inafuta macho ya watoto watano. Ugonjwa unarudi, unarudi tena, kope inapata makovu, inajikunja, nyusi za kope zinakwaruza mboni, mwisho giza. Upasuaji unaweza kuinyoosha kope, lakini jicho lililokwisha kupofuka haurudishi.

Anayebisha aende kwa jirani zetu wa Kongwa. Huko vijiji sita vilipewa mafuta ya tetrasaiklini, na vitatu kati yake vikaongezewa kampeni ya kuwanawisha watoto nyuso. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995: vikope vikali vilikuwa vichache zaidi kule walikonawa. Dawa ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa maji na mikono ya wazazi.

Najua mtasema, "Maji yenyewe yako wapi, bwana?" Ni kweli, nchi yetu ni kavu na kisima ni mbali. Lakini maji ya kupikia pombe tunayapata, tena madebe kwa madebe, na punda tunawatoa. Uso wa mtoto hauombi debe, unaomba kikombe. Akina baba, msiwatupie akina mama mzigo huu. Nani anaamua punda aende wapi leo? Na mkumbuke kuwa wanawake ndio wanaopofuka zaidi kwa vikope kuliko wanaume, kwa kuwa ndio wanaolala na watoto na kuwafuta. Mama akipofuka, nani atapalilia uwele?

Wapo pia wanaokimbia siku ya kugawa dawa. Hao nao wanatuangusha. Azithromaisini ilianza kuletwa nchini kwa msaada wa kampuni ya Pfizer mwaka 1999, na mgawo wake hufaa pale wanapomeza wengi. Nyumba moja ikikwepa, inawafugia majirani ugonjwa.

Kwa hiyo tunadai hivi:

1. Kila kaya itundike kibuyu chirizi mlangoni kabla ya mkutano mkuu ujao.
2. Kila mtoto anawe uso asubuhi na jioni.
3. Siku ya mgawo wote wafike. Watoto wachanga wa chini ya miezi sita hupewa mafuta, si kumezeshwa, nao waletwe.
4. Tyubu ya macho ni ya macho ya mgonjwa aliyeandikiwa, mpaka siku ya mwisho. Mbuzi ana mganga wake.

Msaada wa dawa tuupokee kwa heshima. Lakini hakuna msaada utakaotoka mbali kuja kumnawisha mtoto wako.

Maradhi ni adui. Tuanze na uso!