Tela Nyuma, Watoto Mbele

Katika mashamba ya mkonge ya Tanga trekta huvuta tela kwa pini iliyo nyuma kabisa. Kwa hiyo mwenye pikapu achukuaye machungwa Muheza hudhani kwamba kiungo cha shingo ya bata bukini, kinachokaa ndani ya bodi, ni pini ile ile iliyohamishwa. Sivyo.

Tufe la chuma la kiungo hiki hukaa juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, nalo hufungwa kwa bolti kwenye chesisi. Bati la sakafu halibebi mzigo huo. Tufe likiwa nyuma ya ekseli, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hausikii, hasa mvua inyeshapo.

Balaa la bodi fupi ni kona. Gari na tela vikifanya pembe mraba, nusu ya upana wa tela huja mbele ya tufe. Tela la sentimita 240 hutaka zaidi ya sentimita 120 kutoka kwenye tufe hadi mgongo wa kichwa cha gari, na bodi fupi nyingi hazina nafasi hiyo. Bega la tela litaingia kwenye kioo cha nyuma, pale alipokaa mama na mtoto.

Wako wanaorefusha shingo ili tela lirudi nyuma. Ni dawa, ila huitesa fremu ya tela, na mchomeleaji hodari wa mageti si lazima aiweze kazi hii. Mimi ningechagua tela jembamba. Funga minyororo miwili ya usalama, kisha jaribu kona polepole uwanjani, tela likiwa tupu, mwenzako akitazama kutoka kando, na watoto wakiwa wamebaki nyumbani.