Mlevi: Ni Mgonjwa ao ni Mtumwa wa Pombe?

MASHAURI KWA JAMAA



Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja wa upande wa Nzilo. Maneno yake ni machache lakini yana uzito. Bwana yake alikuwa mtu wa kazi na wa kanisa. Leo anakunywa kila siku, hata asubuhi kabla ya chai. Mara tatu aliapa mbele ya wazee kwamba anaacha, na mara tatu akarudia. Katika jamaa kila mtu ana neno lake. Shemeji anasema: «Njo mapenzi yake, mumuache.» Munganga wa dispanseri anasema: «Huyu eko mugonjwa.» Na bwana mwenyewe ameshika neno hilo kama ngao: «Munasikia? Mi niko mugonjwa, musinisumbue.»

Mama anauliza: «Nimwite nani? Kama ni mgonjwa, nimvumilie mpaka wapi? Na kama ni mazoea mabaya tu, sababu gani anashindwa kuyaacha hata akilia machozi?»

Ni swali la nyumba nyingi za Kolwezi, Fungurume, Likasi na Lubumbashi. Tulijibu polepole, kwa maana jina tunalompa mtu ndilo linaonyesha namna tutakavyomtendea.

Wanganga wanasema nini?

Swali hili si jipya. Mwaka 1804 munganga mmoja wa Scotland, Thomas Trotter, aliyekuwa amehudumia mabaharia wa Uingereza, aliandika kitabu juu ya ulevi. Alisema mazoea yenyewe ya kulewa ni ugonjwa wa akili. Angalieni vizuri: hakutenga mazoea upande mmoja na ugonjwa upande mwingine. Mwaka 1849 munganga wa Sweden, Magnus Huss, ndiye aliyetunga jina «alcoholismus», ambalo Wafaransa wanaita «alcoolisme». Mwaka 1956 chama kikubwa cha wanganga wa Marekani kikatangaza kwamba ulevi ni ugonjwa. Na mwaka 1976 wanganga wawili, Griffith Edwards na Milton Gross, walieleza alama za mtu ambaye maisha yake yameanza kutegemea pombe.

Leo Shirika la Afya Duniani linahesabu utumwa wa pombe katika orodha yake ya magonjwa, ile iliyoanza kutumika mwaka 2022. Shirika hilo linakadiri kwamba mwaka 2019 watu milioni 400 duniani walikuwa na matatizo ya kunywa, na katika hao milioni 209 walikuwa wamefungwa kabisa.

Basi kwa wanganga, «ugonjwa» na «utumwa» si njia mbili. Utumwa wenyewe ndio ugonjwa. Lakini si kila anayelewa ni mgonjwa. Kuko mtu anayekunywa chupa moja siku ya arusi na kurudi nyumbani. Kuko anayekunywa vibaya siku ya mshahara, anapigana, na kesho anaona haya. Huyu anahitaji kukaripiwa na kujirekebisha. Na kuko aliyefungwa. Barua ya mama inazungumza juu ya huyu wa tatu.

Utamjua namna gani?

Wengi wanahesabu chupa. Hapana, chupa peke yake hazitoshi. Tazameni mambo matatu haya:

1. Ameshindwa kujipima. Anasema: «Moja tu,» na anarudi usiku wa manane. Kuanza anaweza kuchagua. Kusimama hawezi tena.

2. Pombe imepita vyote. Imepita chakula cha watoto, imepita kazi, imepita kwaya na mkutano wa shirika. Anajua kwamba inamwumiza, na anaendelea.

3. Mwili umeizoea. Kipimo cha zamani hakimlevyi tena. Asubuhi mikono inatetemeka, jasho linatoka, usingizi umekimbia, na kikombe cha lutuku ndicho kinachomtuliza.

Mtu akiwa na mawili katika haya matatu, nayo yamedumu mwaka mmoja, ao pungufu kama ni kila siku, musibishane tena juu ya jina. Mutafute msaada.

Neno ambalo linaweza kuokoa maisha

Hapa tunaomba musome mara mbili. Pombe inalegeza ubongo. Mtu akikunywa kila siku, ubongo unajitetea: unasukuma kwa nguvu upande mwingine ili abaki macho. Siku pombe inakatwa ghafula, ule msukumo unabaki bila breki. Ndiyo sababu mtu anatetemeka. Wengine, siku ya kwanza ao ya pili, wanaanguka kama mtu wa kifafa. Wengine, siku ya pili ao ya tatu, wanaona wadudu ukutani, wanasikia sauti, wanapigana na watu wasioonekana.

Nyumbani tunasema nini? «Wamemuroga.» Ao: «Ni pepo.» Tunamfunga kamba, tunamwekea siku tatu za kufunga chakula na maji. Ndugu, mtu anaweza kufa hivyo. Kwa aliyezoea kunywa sana kila siku, kukata pombe ghafula bila munganga ni hatari. Mumpeleke lopitali. Kule kuko dawa za kutuliza ubongo kwa siku chache, kuko vitamini B1, kuko maji. Muombeni Mungu, ndiyo; muombe mukiwa karibu na kitanda cha lopitali.

Hii peke yake inaonyesha kwamba shemeji amekosea anaposema «ni mapenzi yake». Mapenzi peke yake hayamwangushi mtu kifafa.

Sababu gani yeye, na si jirani yake?

Wawili walianza kunywa pamoja. Mmoja amefungwa, mwingine hapana. Wachunguzi waliofuata jamaa nyingi, na hasa mapacha, wameona kwamba karibu nusu ya hatari inatoka katika damu, yaani katika urithi wa wazazi. Nusu nyingine inatoka katika maisha: umri wa kuanza, marafiki, huzuni, na urahisi wa kuipata.

Na maisha ya kwetu yanajulikana. Wakati wa Wabeleji mtu mweusi alikatazwa pombe kali. Watu walichoma lutuku ya mahindi na muhogo kwa kujificha. Katazo halikuponya mtu. Kisha kukawa miaka ya Gécamines, na mshahara, na posho, na bia siku ya malipo. Mwaka 1986 kampuni ilitoa shaba zaidi ya tani 450,000. Mwaka 1994 haikufika hata tani 50,000. Mishahara ikakawia miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ile mipango ya kuacha kazi kwa hiari. Baba aliyekuwa na kazi, nyumba ya kambi, lopitali na masomo ya watoto, alijikuta amekaa chini ya muembe tangu asubuhi. Kikombe kilikuwa karibu.

Leo wachimbaji wa mkono, wale tunaoita «creuseurs», wanapata feza siku ileile, si mwisho wa mwezi. Shimo ni refu, woga ni mwingi. Wengi wanasema wanakunywa ili kufukuza woga kabla ya kushuka. Na pombe kali inauzwa katika vifuko vidogo vya plastiki, kwa bei ya mtoto wa masomo. Tanzania ilikataza vifuko hivyo mwaka 2017, na Uganda mwaka 2019, kwa sababu vilikuwa vinaingia hata katika mifuko ya wanafunzi.

Tena kuko mama anayechoma lutuku ili alipe masomo ya watoto. Hatuji hapa kumhukumu. Tunajua uzito wa franka. Lakini mama, unajua wateja wako kwa majina. Yule anayekuja saa kumi na mbili asubuhi akitetemeka, unajua tayari hali yake.

Wale wanaokataa neno «ugonjwa»

Kuko watu wenye akili wanaolikataa. Mwaka 1988 mwalimu mmoja wa filozofia wa Marekani, Herbert Fingarette, aliandika kitabu kizima kusema kwamba ulevi si ugonjwa. Tuwasikilize, kwa maana wana sehemu ya kweli. Malaria haikuulizi kama unataka kupona. Lakini pombe haijimwagi yenyewe kinywani. Mkono unainua kikombe. Tena wako watu wengi walioacha bila dawa yoyote, siku mtoto alipozaliwa ao siku walipopata kazi. Na neno «ugonjwa» linaweza kuwa blanketi la kujificha, kama tulivyosikia kwa bwana wa Nzilo.

Jibu letu ni hili. Tazameni mtu wa ugonjwa wa sukari. Hakuuchagua. Lakini munganga hawezi kumfuata mpaka kwenye sufuria. Ni yeye atakayekataa fanta, ni yeye atakayekunywa dawa kila siku, ni yeye atakayerudi kupimwa. Hakuna anayemtukana kwa kuwa na sukari. Lakini akikataa kujitunza, watu wa nyumba wana haki ya kumkaripia. Ulevi ni ugonjwa wa namna hiyo. Mtu halaumiwi kwa kuwa amefungwa. Anaulizwa kama anatafuta kufunguliwa. Neno «ugonjwa» ni la kufungua mlango wa lopitali. Si la kufunga mlango wa wajibu.

Sasa, mama wa Nzilo

Kwanza, zungumza naye asubuhi akiwa mzima, si usiku akiwa amelewa. Maneno ya usiku ni upepo. Usimwambie: «We mulevi.» Mwambie yale uliyoyaona: «Juma hili watoto walilala njaa mara mbili.»

Pili, akikwambia: «Mi niko mugonjwa,» usibishe. Mjibu: «Ndiyo, papa. Mugonjwa anaenda lopitali. Twende wote kesho.» Hapo utajua kama neno hilo kwake ni kilio ao ni kisingizio.

Tatu, usilipe deni lake la pombe. Usimdanganye mkubwa wake wa kazi kwamba ana malaria. Unafikiri unamlinda, kumbe unalinda pombe.

Nne, weka feza ya unga na ya masomo mahali asipofika. Hiyo si kukosa heshima kwa bwana.

Tano, uvumilivu una mpaka. Kama anakupiga ao anapiga watoto, ugonjwa si ruhusa ya kupiga. Toka na watoto, nenda kwa wazazi ao kwa wazee mnaowaamini, na mambo yasemwe waziwazi. Kumpenda mgonjwa si kukubali kuuawa naye.

Sita, jua kwamba wengi wanaanguka tena kabla ya kusimama kabisa. Kurudia mara tatu si alama kwamba viapo vyake vyote vilikuwa vya uongo. Ni alama kwamba kiapo peke yake hakitoshi. Anahitaji munganga na anahitaji wenzake. Mwaka 1877 pasteri mmoja wa Geneva, Louis-Lucien Rochat, alianzisha Msalaba wa Buluu, ambapo waliofungwa na wasiofungwa waliahidi pamoja kutokunywa, ili mmoja asiwe peke yake. Mwaka 1935 huko Akron, Marekani, watu wawili waliokuwa wamefungwa na pombe, mmoja wao munganga, walianza kusaidiana. Leo vikundi vya namna yao viko katika nchi nyingi. Hakuna kinachotuzuia na sisi: watu wanne ao watano, chumba kimoja cha parokia, mara moja kwa juma, na yanayosemwa ndani hayatoki inje.

Na sisi wa shirika, tukimwona anarudi kanisani akiwa mzima, tumpe kiti na kazi. Tusimchekee: «Tutaona siku ngapi!» Neno hilo limewarudisha wengi kwenye lutuku.

Vijana, hili ni lenu. Anayeanza akiwa na miaka kumi na mine ana hatari zaidi ya kufungwa kuliko anayengoja mpaka amekomaa. Na kama baba ao nkambo alifungwa, wewe una sababu ya kujihazari kupita rafiki zako. Si laana. Ni habari njema, kwa maana umeijua mapema.

Ya kuzungumza nyumbani na katika shirika

1. Katika kambi yetu, mtu anayetaka kuacha pombe anaweza kwenda wapi jioni pasipo pombe?

2. Nani katika jamaa yetu tunamficha kwa uongo, na uongo huo unamsaidia nini?

3. Mama anayeishi kwa kuchoma lutuku, tunaweza kumsaidia kupata kazi gani nyingine?

 Mama, tuandikie tena baada ya kwenda lopitali, utuambie mulipokelewa namna gani. Na wengine wenye maswali, mutuandikie bila woga, majina hatuyachapishi. Mpaka mwezi ujao.