Hesabu ya pH Huanza kwa Maneno

Wapo wenzetu, na baadhi yao ni walimu wa Kiswahili kama sisi, wasemao kwamba hesabu haina lugha. Katika nchi zetu hizi za Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, ambako kemia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza au Kifaransa, usemi huo umekuwa pazia la kujifichia. Mwalimu wa kemia hutuachia methali na ushairi, nasi twamwachia asidi na besi zake, kisha kila mmoja hulala usingizi wake. Sisi hatukubali. Tumeichagua hesabu ya pH kwa kusudi, maana ndiyo fimbo watupigayo nayo.

Kanuni yenyewe ni fupi. Ukolevu wa ioni za haidrojeni, kwa moli katika lita, huandikwa kama kumi yenye kipeo. Kipeo hicho kikiondolewa alama ya kutoa ndicho pH. Aliyeibuni mwaka 1909 ni S. P. L. Sørensen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, na nchi yake ya Denmark wakati ule haikufikisha watu milioni 3. Ni kweli kwamba alitangaza matokeo yake kwa Kijerumani na Kifaransa. Hata hivyo watoto wa Denmark husoma asidi kwa Kidenmaki, wala hatujasikia kwamba asidi zimekataa.

Sasa tupige hesabu. Asidi ya haidrokloriki yenye moli 0.001 kwa lita hutengana yote, na pH yake ni 3. Asidi ya asetiki, ile iliyomo katika siki, yenye moli 0.1 kwa lita hutengana kidogo tu. Kwa kuwa kigezo chake cha mtengano ni 1.8 × 10⁻⁵, ioni za haidrojeni hufikia kama 0.0013, na pH huwa karibu 2.9. Basi ile iitwayo "dhaifu" imeizidi kwa uchachu ile iitwayo "kali"! Mwanafunzi hutaharuki, lakini si kwa ugumu wa hesabu. Neno "kali" limetwishwa mizigo miwili: tabia ya asidi, na wingi wake katika maji.

Mpishi hachanganyi mambo hayo. Chumvi hukolea, na kilichozidi huzimuliwa kwa maji. Tuseme basi asidi ni kolevu au imezimuliwa, tukitaja wingi. Na tukitaja tabia, tuseme hutengana yote au hutengana kidogo. Ayajuaye maneno hayo hujua, kabla ya kushika kalamu, kama atahitaji kipeuo cha pili au la.

Na aliyekariri tu? Mwulizeni pH ya asidi ya haidrokloriki yenye moli 10⁻⁸ kwa lita. Atajibu 8, asidi igeuke besi mbele ya macho yake, naye asishtuke. Amesahau kwamba maji yenyewe yana ioni zake, 10⁻⁷ katika nyuzi 25 za Selsiasi. Jibu ni 6.98.

Kuna pia mmumunyo uitwao bafa. Sisi twapendelea mmumunyo-himili, kwa kuwa jina hilo lajieleza. Lita moja ya maji safi, yenye pH 7, ukiitia moli 0.01 ya haidrokloriki huporomoka hadi 2. Lita yenye moli 0.1 ya asidi ya asetiki na moli 0.1 ya asetati ya sodiamu ina pH 4.74, itie kiasi kilekile, nayo huteremka hadi 4.66 tu. Asetati imezimeza ioni: yenyewe imepungua kuwa 0.09, na asidi imeongezeka kuwa 0.11. Ni uhimili, na neno tulikuwa nalo siku zote.

Kosa si la wanakemia peke yao. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Ni wangapi miongoni mwetu tuliowahi kuifungua, sisi tunaogombana kila mkutano juu ya vina na mizani?

Muhula ujao, mmoja wetu na aombe kipindi kimoja katika darasa la kemia, alifanye ubaoni lile swali la 10⁻⁸ kwa Kiswahili, hatua kwa hatua. Wasemao kwamba haiwezekani tutawawekea dawati la nyuma.