Dawa hizi hazipigi ovyo

"Dawa za saratani ni sumu inayoua kila inachokutana nacho." Kweli ni sumu, ila vinkristini na paklitakseli zina shabaha. Hushika protini moja, tubulini, ambayo seli huiunganisha kuwa mikrotubuli: vijibomba vya upana wa nanomita 25 hivi. Seli inapogawanyika, vijibomba hivyo hushika kromosomu na kuzivuta, nusu huku, nusu kule. Vikilemazwa, kazi hukwama katikati.

Wapo wanaosema basi zote hubomoa vijibomba. Sivyo. Vinkristini ndiyo huvizuia visijengeke. Paklitakseli, iliyopatikana kwenye magome ya mti wa Taxus brevifolia wa magharibi mwa Marekani, hufanya kinyume: huvikaza hata visibomoke. Susan Horwitz na wenzake walionyesha hilo mwaka 1979, wakati dawa za aina hii zilizojulikana zilikuwa za kubomoa. Mbona kukaza nako kunadhuru? Kwa sababu kijibomba huvuta kwa kurefuka na kufupika. Kikigandishwa hakina faida.

Eti seli iliyokwama imekwisha kufa? Si lazima. Nyingi hujiua, lakini nyingine huponyoka bila kugawanyika, zikiwa na kromosomu maradufu, na baadhi huendelea kuishi.

Dai linalowatisha wagonjwa zaidi ni kwamba ganzi ya vidole inaonyesha mwili umeikataa dawa. Neva hazigawanyiki, ni kweli, lakini nazo zina mikrotubuli, na huzitumia kama reli ya kupitishia mizigo kutoka karibu na uti wa mgongo hadi ncha ya kidole cha mguu, safari ya kama mita moja. Neva ndefu huumia kwanza, ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni. Si ya kuvumilia kimyakimya: daktari akiambiwa mapema anaweza kupunguza dozi.

Kuna na wale wa kuchemsha vinka, lile ua la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska. Ni kweli vinkristini ilitoka humo. Lakini gramu moja hudai mamia ya kilo za majani makavu, na mtu mzima kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu 2 kwa mara moja, tena kwenye mshipa tu. Ikiingizwa kwenye uti wa mgongo kwa makosa, huua. Anayekunywa sufuria ya majani hayo hapati dozi ya dawa. Anapata mchanganyiko wa alkaloidi ambao hakuna aliyeupima.