Risasi rahisi, gharama kubwa: Nani atalipa kando ya Malagarasi?

Kiswahili kina jambo moja ambalo wengi wetu tuliorejea kutoka Kigoma hatujalitafakari. Neno risasi ni jina la kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na pia ni jina la madini yenyewe, yale mazito ya kijivu yenye sumu. Kifaransa tulichosomea kambini nacho huziita punje za bunduki ya ndege kwa jina la madini hayo hayo. Ni kama vile hakuna aliyewahi kudhani kwamba ipo siku risasi itatengenezwa bila risasi.

Siku hiyo imefika. Tangu Februari 15, 2023, Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kufyatua marisau ya madini hayo katika maeneo ya kinamasi na kandokando yake. Julai 2025, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itayapiga marufuku marisau hayo katika uwindaji, baada ya kipindi cha mpito cha miaka 3. Denmark ilikwisha kufanya hivyo mwaka 1996, na Marekani hairuhusu kuwinda bata kwa marisau hayo tangu 1991.

Msomaji atauliza, mambo ya wawindaji wa Ulaya yanamhusu nini mchuuzi wa Manyovu au Mugina? Yanamhusu sana. Sisi wa mipakani tunajua kwamba bidhaa ikifungiwa mlango kwa tajiri, hutafuta dirisha kwa maskini. Viwanda havitayeyusha mali iliyobaki ghalani kwa hiari. Mimi naona hatari kwamba maboksi hayo yatashuka bei na kuanza kutafuta soko katika nchi ambazo sheria yake haijakaza.

Tuzungumze basi kuhusu bei na kazi ya risasi zenyewe, kwani hapo ndipo watu wanapodanganyana.

Bunduki ya marisau, ile ambayo polisi huiita shotgun, hairushi risasi moja bali punje nyingi ndogo. Risasi moja ya gramu 32 yenye punje za kuwindia ndege hubeba punje zipatazo 300. Madini ya risasi yalipendwa kwa sababu ni mazito: sentimita moja ya ujazo ina gramu 11.3, wakati ya chuma haifiki gramu 8. Kwa hiyo punje ya chuma yenye ukubwa ule ule ina kama asilimia 70 tu ya uzito, na hupoteza kasi mapema ikiwa angani. Bismuthi iko katikati, na tangsteni ni nzito kuliko risasi yenyewe, lakini hizo mbili bei yake ni mara kadhaa ya risasi za kawaida. Mwindaji wa kawaida asijisumbue nazo.

Chuma ndicho mshindani wa kweli, kwani katika masoko makubwa bei yake haipishani sana na ile ya madini ya risasi. Je, kinaua? Utafiti uliofanywa Texas, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2015, uliwapa wawindaji wa njiwa risasi za aina zote mbili bila kuwaambia ipi ni ipi. Idadi ya ndege waliopatikana kwa kila risasi haikutofautiana, wala idadi ya waliojeruhiwa na kutoroka. Siri ni kuchagua punje kubwa zaidi, namba mbili juu ya ile uliyozoea, na kumngoja ndege akaribie.

Tufanye hesabu kama ninavyowafanyisha wanafunzi wangu. Tuseme risasi ya kawaida ni shilingi 3,000 na mwindaji hufyatua 4 ili apate kanga mmoja. Kanga huyo amemgharimu shilingi 12,000. Mwenzake ananunua ya chuma kwa shilingi 3,300, lakini anangoja ndege awe ndani ya mita 30, na anafyatua 3 tu. Kanga wake ni shilingi 9,900. Huu ni mfano tu, lakini unaonyesha kwamba bei ya boksi si bei ya kitoweo. Subira ya mwindaji ina uzito kuliko madini.

Haki itendeke: chuma nacho kina kasoro. Ni kigumu, na kinaweza kuharibu bunduki kuukuu yenye mtutu mwembamba au mdomo uliobanwa sana. Mwenye bunduki ya aina hiyo asijaribu bila kumwona fundi mwenye leseni.

Lakini kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye boksi. Punje nyingi humkosa ndege na kuanguka majini. Risasi 1,000 za gramu 32 huacha kilo 32 za sumu. Bata humeza punje hizo akidhani ni vijiwe vya kusagia chakula katika firigisi, na punje chache tu zinatosha kumuua. Watafiti wa Marekani walikadiria kwamba katika mwaka 1997 pekee marufuku yao iliokoa bata milioni 1.4.

Mto Malagarasi unaanzia huku kwetu, unakuwa mpaka, kisha unaingia kwenye kinamasi cha Malagarasi-Moyowosi, eneo ambalo Tanzania iliandikisha mwaka 2000 chini ya Mkataba wa Ramsar, na hatimaye maji yake huishia Ziwa Tanganyika. Maji hayo hayaonyeshi pasipoti. Nakumbuka kule Kasulu, jirani yetu mwenye kibali cha kuwinda alituletea kanga. Nikauma kitu kigumu. Mama akasema, "Tema, mwanangu, huo si mfupa." Tulizikusanya punje tukachezea kama gololi. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, hasa ubongo.

Nini kifanyike? Mkataba wa ndege wahamaji wa Afrika na Ulaya uliwataka wanachama wajitahidi kuyaondoa marisau hayo kwenye kinamasi kufikia mwaka 2000. Nchi za Afrika Mashariki zianze hapo, kwa kanuni moja pande zote za mpaka, na kila boksi lieleze madini yaliyomo. Wafanyabiashara nao wakumbuke kwamba risasi si kitenge wala chumvi. Itifaki ya Nairobi ya 2004 inazitaka nchi zetu kudhibiti uingizaji wake, na asiye na leseni asiguse hata boksi moja. Mwenye leseni asijaze ghala kwa mali ambayo kesho itakuwa haramu.

Na mama anayepika nyama ya porini aikate na kuitupa ile iliyozunguka jeraha. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Ughali wa risasi hii hulipwa na mtoto asiyeijua hata bei yake.