Ziwa ni la nani? Kutoka Salamis hadi Majita

Wadau, vita vya majini vikitajwa wote tunakimbilia Salamis, mwaka 480 KK, Wagiriki walipowabana Waajemi kwenye mlango mwembamba wa bahari. Xerxes alikuwa na jeshi kubwa nchi kavu, lakini baada ya kupigwa majini hakuwa tena na njia ya uhakika ya kulilisha. Poa. Sasa njooni hapa kwetu Majita.

Novemba 1914 meli ya Waingereza, Sybil, iligonga mwamba ikakwama Majita, kwenye ardhi ya Mjerumani kabisa! Na bado Mei 1915 Waingereza walirudi, wakainasua, wakaikokota hadi Kisumu. Mjerumani angefanya nini? Chombo chake cha maana ziwani kilikuwa kimoja tu, Muansa. Mwezi uliofuata Waingereza wakapakia askari Kisumu, wakawashusha karibu na Bukoba, mji ukatekwa. Julai 1916 ikawa zamu ya Mwanza. Hakukuwa na Salamis yetu, aliyekuwa na meli nyingi alichagua tu pa kushukia.

Mnadhani yameisha? Angalieni Migingo. Kisiwa hakifiki hata ekari moja, ila kimezungukwa na sangara, na Kenya na Uganda wamekigombania tangu miaka ya 2000. Ramani wanazo wote. Anayemtoza mvuvi ni yule mwenye askari pale. Na mpaka wetu sisi wa Mara na Kenya nao unapita majini, usiku hauonekani. Mvuvi wa Murangi akikamatwa huko, anajitetea kwa lipi?