Alipaye Ndiye Achaguaye Sura

Wako wanaosema: Kabambare ikitaka sanamu ya kumbukumbu, itafute mwanasiasa au tajiri alipe. Shauri hilo twalikataa, kwani alipaye ndiye achaguaye sura.

Tazameni Brussels. Huko, tangu mwaka 1921, lipo jiwe kubwa la kumbukumbu, kazi ya Thomas Vinçotte. Sehemu yake moja yasifu askari Wabeligiji waliopigana na wafanyabiashara Waarabu katika nchi hizi zetu, vita ambamo Kabambare nayo ilitekwa, Januari 1894. Lakini mpagazi aliyebeba pembe za ndovu katika njia ya Nyangwe na Ujiji, na mama aliyefungwa kongwa shingoni, nani aliwauliza neno?

Tutaambiwa: kwanza barabara, kwanza kisima. Ni kweli, tumbo lina haki yake. Hata hivyo, mtoto asemaye Kiswahili bila kujua kwamba kilimfikia kwa njia ya misafara ile, amejua nini juu ya asili yake?

Basi kila nyumba itoe kidogo: faranga chache, kikapu cha mpunga, au siku moja ya kazi. Daftari la michango lisomwe hadharani. Mchongaji asitafutwe mbali: kazi za wachongaji wa Maniema zimehifadhiwa hata Tervuren. Na achongwe mpagazi, si bwana wa msafara wala kamanda.

Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba tulichojaza wenyewe, hakuna wa kutuamuru tukimimine wapi.